Uelese, Uliyenipa Zamu Yangu

Mwaka umetimia, Uelese, tangu ulale usiamke. Migomba yako nyuma ya jiko imezaa. Magimbi yanajiotea ovyo, vile vile ulivyoyaacha. Ulikuwa shemasi hodari, ila kwenye kilimo, Mungu akusamehe, hukuwa kitu.

Kijiji kizima kinajua: tangu lile wimbi kubwa litunyang'anye binti yetu Taimane, sikuweza tena kuamini. Nilikuambia waziwazi. Ulilia, kisha ukaniuliza kama nitakunywa kakao.

Jioni baragumu likilia, watu wote huingia ndani kusali. Enzi zako tulikaa duara mkekani, kila mmoja akasoma aya yake ya Biblia kwa zamu. Zamu yangu ikifika hukuniruka. "Haya, Mama Pesamino, wewe una neno gani?" Nami nilisema nilichokuwa nacho: kwamba naita na siitikiwi. Tulibishana mpaka chakula kikaungua. "Leo umenigaragaza," ulisema ukicheka, "ila ngoja kesho, nakuja na Paulo!" Halafu ulifunga kwa sala, ukaniombea bila kunisema.

Mashemasi wenzako walipokuja kukutaka uninyamazishe au unitoe kwenye sala, uliwajibu, "Nimtoe nimpeleke wapi, jamani? Nyumba yenyewe ni nguzo na paa tu, haina kuta. Huyu akinibishia ndipo nami najua ninachoamini." Waliondoka wameshiba samaki wetu, wamenuna.

Sasa mwanetu Pesamino ndiye anayeongoza sala. Ni mtoto mwema. Zamu ikinifikia humtazama dada yake Losa, naye husoma upesi upesi. Hawataki kuniumiza. Nakaa pale katikati ya wanangu na wajukuu, na upweke nilio nao, mume wangu, sikuwa nao hata siku tuliyokuzika. Wote wananihurumia. Hakuna anayenibishia.

Juzi tulikaa kuandika tangazo hili la kumbukumbu yako. Losa akataka tuseme, "Tutaonana mbinguni." Nikamwambia jina langu lisikae chini ya maneno hayo. Akaanza kulia.

"Mama, hata leo? Hata kwa Baba?"

Pesamino akampa dada yake leso. Kisha akanigeukia. "Kwani wewe unasemaje, Mama?"

Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza.

"Mimi sijui kama nitamwona."

"Utamwona," akasema. "Umekosea, Mama, tena umekosea sana, na kesho jioni nitakuonyesha wapi. Lakini andika lako. Na sisi tutaandika letu."

Basi ndivyo tulivyoandika. Wanao Pesamino na Losa, mkweo Sieni na wajukuu wako wote wanasema mtaonana. Mimi mkeo, Fuatino, sijui. Natamani wao ndio wawe wamepatia, na mimi ndiye niwe nimekosea.

Kwamba tutakukumbuka daima, hapo hakuna aliyebisha.