Kwa Kimya, Aliyekutwa Amefumba Macho Kila Saa Kamili

Mwaka umetimia, Kimya wetu, tangu ugonjwa wa siku nne ulipokuondoa, na kiti chako kingali kimeelekea ukutani vilevile ulivyokiacha. Hakuna aliyethubutu kukigeuza.

Ulikuwa mpole, lakini hukuwa mwepesi wa kusadiki. Ukiambiwa chai ina sukari, ulionja kwanza. Tabia hiyo uliirithi kwa Bibi yako, aliyefundisha miaka thelathini na minane bila kuamini udhuru wa mtoto yeyote. Basi mkaishi chini ya paa moja, mkipendana na kutiliana shaka.

Ulipoanza kufanyia kazi zako za kuandika programu za kompyuta katika chumba cha nyuma, Bibi hakuridhika. Kila redio ilipotangaza saa kamili, aliinuka, akapita ukumbini, akachungulia. Kila mara alikukuta umeegemea kiti, macho umeyafumba, mikono iko mapajani.

“Anayefanya kazi ni kompyuta au ni wewe?”

“Sote wawili, Bibi.”

“Mbona mimi namwona mmoja tu, na huyo amelala?”

Ulicheka. Bibi hakucheka. Alimwambia mama yako, akamwambia mjomba wako, hatimaye ukoo mzima ukajua ya kwamba Kimya ni mvivu. Lisemwalo lipo, walisema.

Nawe wakati huo ulikuwa na mshukiwa wako. Kazini kwenu, fundi wa ghorofa ya chini alikuwa karibu kufukuzwa. Ripoti ilidai kwamba programu yake peke yake ilimaliza karibu muda wote wa kichakataji, ubongo wa kompyuta, nyingine zikikosa zamu. Mkuu wenu aliiamini ripoti. Wewe ulimshuku mwenye kuhesabu, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu ile inayozigawia programu zamu zao.

Majuma matano ulikisoma mstari kwa mstari, ukakikamata. Kumbe hakikupima muda hata kidogo! Kilichungulia tu kila saa ya ndani ya kompyuta ilipolia, mara mia kwa sekunde, na programu yoyote kiliyoikuta kazini kiliiandikia kipande kizima cha muda, tangu mlio hadi mlio. Programu ya fundi iliamshwa na mlio uleule wa saa, ikafanya kazi ya kufumba na kufumbua, ikalala. Ndiyo maana ilikutwa kila mara. Walafi wenyewe, programu nyingine fulani, walikula muda baina ya mlio na mlio, wala hawakuonekana. Ukakirekebisha kiini kiandike wakati halisi wa kila programu kuingia na kutoka. Fundi akabaki kazini.

Ulitueleza hayo mezani, kisha ukamgeukia Bibi.

“Ni kama wewe, Bibi. Unachungulia kwa wakati mno.”

“Shika adabu yako, na umalize chakula.”

Mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya tatu baada ya maziko, redio ilitangaza saa nne. Bibi aliinuka kwa mazoea, akafika mlangoni kwako. Simu yako, ambayo dada yako alikuwa ameichomeka kwenye umeme, ilikuwa ikitetemeka mezani. Kwenye kioo paliandikwa: “Macho. Fumba dakika tano. Agizo la daktari.”

Bibi hakusadiki. Alikaa katika kiti chako akangoja saa tano. Ikatetemeka. Akangoja saa sita.

Zile dakika hamsini na tano nyingine, Kimya, hakuna aliyekuja kuzitazama.

Bibi hana desturi ya kufuta alama aliyokwisha kuitoa. Hii ameifuta. Jamaa wote mliosikia kinywani mwake kwamba mtoto huyu alikuwa mvivu, someni hapa: haikuwa kweli.

Unakumbukwa na mama yako. Na mjomba wako, aliyelifikisha neno lile mbali kuliko wote. Na dada yako mshonaji. Na fundi wa ghorofa ya chini, aliyeomba aandikwe miongoni mwa ndugu. Na Bibi yako.

Hatutakukumbuka saa kamili peke yake. Tutakukumbuka daima, na baina ya saa na saa.