Mgomba wa Evans

Jumatatu, 6 Oktoba
Kola za sare za shule tangu asubuhi. Stima imepotea mara mbili hapa mtaani Gatina, nikarudi kwenye cherehani ya mguu. Ujumbe wa leo kwa Evans: "Umekula?" Tiki moja, haujamfikia. Ni tiki moja tangu Julai, lakini natuma.

Mume wangu alienda Urusi kuchomelea vyuma kiwandani. Ndivyo alivyosema wakala aliyempeleka. Baadaye akatuma picha amevaa magwanda ya jeshi, anatabasamu vibaya. Eti walitia sahihi karatasi za lugha wasiyoijua, sasa wanapelekwa Ukraine kupigana. Kisha kimya.

Jumatano, 8 Oktoba
Mama mkwe amepiga simu kutoka Malava, kijijini kwao. Hakuzunguka. Anataka tumzike Evans. Mwili hakuna, kwa hiyo tuzike mgomba badala yake. Ndivyo alivyozikwa babu yake Evans, aliyepotelea katika vita vingine vya Wazungu.

Nimemwambia hapana. Evans hajafa. Halafu nikakata simu. Sijawahi kumkatia mama mkwe simu. Nimerudi kwenye cherehani, nimeharibu kola mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba
Jirani yangu Nduku, mwenye saluni kule kituo cha matatu cha 56, amenisuka bure ili nitulie. "Ati wanazika nini? Kwetu Machakos ndizi huliwa, mathe!" Nimecheka mpaka nikaona haya.

Kisha akanionyesha video ya mateka wa vita inayozunguka mitandaoni. Watu weusi wameketi matopeni, mikono nyuma. Nikaisimamisha kwenye kila uso. Hayumo. Nikafurahi. Halafu nikajichukia, maana kila mmoja pale ana mtu anayemtafuta.

Jumapili, 12 Oktoba
Kevo, mdogo wake Evans, amekuja kutoka mtaa wa Gatwekera. Hufanya mjengo, vibarua vya ujenzi, akipata. Wiki hii hakupata. Alimaliza ugali wote, kisha akanionyesha simu. Wakala mwingine. Kazi ya ulinzi, Urusi. Pasipoti anayo tayari.

"Shemeji, mi siendi front. Ni kulinda stoo tu. Bro alichezwa sababu hakuuliza maswali."

Nilimrushia mwiko. Haukumpata.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimempigia mama mkwe kumshtakia. Alikuwa anajua. Kumbe ndiyo sababu anataka mazishi.

"Kevo anadhani kakake yuko safari," akasema. "Mtoto haogopi asichokiona. Nataka aone kaburi."

Nimekesha nikipima. Nikikubali, nimemuua Evans kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikikataa, Kevo anapanda ndege. Mama yao ana hao wawili tu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimekubali. Nikamwambia kichwa sinyoi, mimi si mjane. Nilijiandaa kwa vita. Akasema sawa tu, mwanangu.

Ujumbe kwa Evans: "Nisamehe." Tiki moja. Sikumweleza ni kwa nini.

Jumamosi, 25 Oktoba
Malava. Mvua na matope. Watu wengi, chai nyingi. Wananitazama nywele.

Mama alisimamia kila kitu. Kevo ndiye aliyepewa jembe la kuutoa mgomba. Akataka kuukata. Mama akamwambia hapana, ung'oe na mizizi yake. Mzee mmoja akasema sivyo inavyofanywa. Mama alimkazia macho tu, mzee akarudi kwenye kiti chake. Kaburi nalo alilitaka fupi. Eti chini kuna mwamba. Mimi sikuona mwamba wowote.

Wakaufunga mgomba kwa shati la kazi la Evans, lile lililotobolewa na cheche. Hapo ndipo Kevo alipovunjika. Kevo anayejifanya ngumu. Aliruka kaburini akalikumbatia lile shati, akimwita kakake, mpaka wanaume wakamtoa.

Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na Mungu pia.

Jumanne, 28 Oktoba
Nimerudi Gatina. Kevo amekuja, hakuomba chakula. Amefuta namba ya wakala mbele ya macho yangu. Pasipoti ameniachia. "Weka mbali, shem. Hata nikikulilia, usinipe." Iko ndani ya droo ya cherehani, chini ya zipu.

Nimelia leo. Kwa sababu ya Kevo au Evans, sijui.

Jumapili, 30 Novemba
Mama amepiga simu baada ya ibada. Anaongea chinichini, nikadhani ni mgonjwa. Kaburi limechipuka. Jani moja, bado limejikunja. Wazee wanasema ni mkosi, ling'olewe. Amewakataza. Amezungushia miiba ng'ombe wasile, na kila asubuhi anapeleka maji.

Sikumuuliza kitu. Mwaka nilioolewa, ni yeye aliyenionyesha namna ya kupanda migomba. Shimo fupi, mizizi yote. Ukifanya hivyo, alisema, mgomba hauna budi kuota.

Kevo amepata mjengo, huenda ukafika Krismasi. Sare zimepungua, shule zimefungwa. Nimefagia, nimetia mashine mafuta.

Ujumbe wa leo: "Mama anakusalimu." Tiki moja.