Kifaa cha Njia kwa Skuta ya Hilda

Nkuhungu,
Dodoma.
Jumamosi, 8 Machi 2025.

Mpendwa mwanangu Sostenes,

Mbukwa, baba. Shikamoo uliyonitumia kwenye simu ya dada yako niliipata. Nasema marahaba, na marahaba nyingine kwa zile siku ambazo simu yako haikushika. Hujambo? Mke wako Josephine hajambo? Na mjukuu wangu Noeli, kifua kimeacha kukoroma? Ile sweta niliyomfumia anaivaa, au mmeitunza iwe ya kanisani? Huko Tunduma ni baridi, mtoto wa huko havalishwi kama mtoto wa Haneti. Josephine asinielewe vibaya, mimi ni bibi tu, kazi yangu kuuliza.

Mimi sijambo. Presha imeshuka kidogo. Daktari kasema niendelee na vidonge, nipunguze chumvi na nipunguze mawazo. Chumvi nimepunguza.

Baba yako yupo Haneti na mbuzi wake. Uwele umeanza kutoa masuke na ndege wameshajua, kwa hiyo anaamia mwenyewe kutwa nzima, sauti imemkauka kama ya jogoo mzee. Kila nikimpigia ananiuliza nitarudi lini. Namwambia kliniki ikiniachia. Mlenda wa kukausha aliotuletea bado upo, nimekufungia kidogo kwenye mfuko mweusi.

Sasa usishtuke kuona karatasi. Hakuna msiba, wote wazima. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ninayotumia ni ya Hilda, na jambo lenyewe linamhusu Hilda. Darasa langu la nne unalijua, herufi zangu zinapanda na kushuka kama barabara ya kwetu, nivumilie. Barua anakuletea Germana, jirani yetu tunayeimba naye kwaya, anakuja huko kumwuguza dada yake. Mpe chai.

Ni hivi. Zile picha tatu ulizomtumia Hilda, za vifaa vya kuonyesha njia vya kufunga kwenye skuta, alinionyesha siku ileile. Alifurahi, mwanangu, alicheka mwenyewe jikoni. Akasema, "Mama, kaka kaniambia nichague, na mimi nimeshachagua." Amechagua kile kikubwa chenye ramani ndani yake, kinachosema kwa sauti, na kina kidude cha kuchomeka sikioni chini ya helmeti. Najua ameshakuambia na pengine umeshaanza kukitafuta. Nakuomba usikinunue. Ngoja kwanza unisome mpaka mwisho.

Kifaa anakihitaji, sibishi. Kazi yake ya kupeleka dawa majumbani imeongezeka, na mji huu unakua usiku na mchana. Mteja anapiga simu, "Dada, ukifika kwenye tofali, kata kushoto." Hilda anaenda, tofali hazipo, zimeshakuwa nyumba. Mwingine anamwambia ashike turubai la bluu. Turubai limeondoka na mafundi wake. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja huko Miyuji alingoja dawa ya pumu huku Hilda anazunguka mtaa wa nyuma yake, wanasikiana kwenye simu na hawaonani. Alirudi nyumbani hata ugali hakula.

Na kile cha tatu katika picha zako, kile kishikio tu cha kuwekea simu kwenye usukani, hicho tulishakitoa wenyewe. Brighton, fundi wa skuta hapa kona, alisema simu ikikaa pale juani inachemka mpaka inajizima, na mtikisiko wa barabara za kokoto unaua kamera yake. Mvua nayo je? Kwa hiyo vimebaki viwili, kile cha kusema na kile kidogo cha duara kinachoonyesha mshale tu.

Brighton anacho cha kusema, anatumia kwenye skuta yake. Akamwazima Hilda ajaribu. Siku hiyo na mimi nilikuwa nakwenda Miyuji kumsalimia Mwamvua, yule rafiki yangu wa Kondoa niliyelazwa naye wodi moja, nikapanda nyuma. Hilda akachomeka kile kidude. Akakichomeka sikio la kulia.

Mwanangu, nikwambie jambo ambalo hujui. Mwaka jana dada yako alikuambia sikio lake la kushoto lilizibuka baada ya kusafishwa hospitali. Halikuzibuka. Ni lilelile lililokufa alipougua homa ya uti wa mgongo. Alikuambia hivyo ili usihangaike, na mimi nilinyamaza kwa kuwa ni habari yake. Ila sasa nikinyamaza nitakuja kulia. Hilda ana sikio moja tu, na hilo ndilo alilokwenda kulitia kizibo barabarani.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipoiacha lami. Ile sauti ikawa inamwambia huko ndani, mimi siisikii, naona tu anakata kona kama mtu anayejua. Nikaanza kukisifu hicho kitu moyoni. Mara nyuma yetu fuso la mchanga likapiga honi. Likapiga tena. Mimi nilisikia mpaka kwenye meno. Hilda kimya, anaenda zake katikati, na ndipo akaanza kukata kulia. Kulia, Sostenes, upande uleule fuso lilikotaka kupitia!

Nilimpiga ngumi ya bega la kushoto, nikamfinya na ubavu. Akarudisha usukani kushoto, tukaingia kwenye majani. Fuso likapita na vumbi lake, khanga yangu ikapepea ikataka kuondoka nalo. Dereva akatoa kichwa, "We dada, hayo masikio ni ya kuning'inizia hereni?" Na utingo wake huko juu ya mchanga akamalizia, "Bibi, endesha wewe!"

Hilda akazima skuta. Akaniambia, "Mama, mbona umenifinya hivyo, nilikuwa nimeliona." Hakuwa ameliona. Na alijua kwamba najua. Akawasha skuta, tukaendelea. Kwa Mwamvua nilikunywa maji bilauri tatu, akaniuliza kama nimetoka Kondoa kwa miguu.

Kurudi, Hilda alikitia kile kidude mfukoni. Alikuwa bado na dawa ya mtu mmoja, na huyo alituelekeza kwa simu kabla hatujaondoka kwa Mwamvua. Nikashika maelekezo mimi. Kila tulipofika penye kona nilimgusa bega, la kulia tunakwenda kulia, la kushoto kushoto. Tulifika moja kwa moja, hatukupotea hata kichochoro kimoja, na sikio lake lilikuwa wazi. Pikipiki ikija nyuma anaisikia, anasogea kabla mimi sijashtuka.

Hapo ndipo nikakukumbuka wewe.

Unakumbuka mlipokuwa mnachunga pamoja kule Haneti? Mbuzi wakielekea shamba la watu ulikuwa unampigia Hilda mluzi awazuie, na yeye amekupa sikio la kushoto, hageuki. Mbuzi wanakula uwele wa watu, jioni kesi inaletwa, na mtoto anachapwa kwa kiburi. Sisi wakubwa tulisema ana kiburi. Wewe ndiye uliyekuja kutuambia, "Mama, Hilda hasikii upande huu." Ukaacha mluzi. Ukawa unapanda juu ya kichuguu na kunyoosha fimbo. Ukiilaza kulia, Hilda anakimbia kulia. Ukiilaza kushoto, anakimbia kushoto. Alikuwa anakutupia jicho mara moja tu, kisha macho yake kwa mbuzi. Hakuchapwa tena.

Kwa hiyo mimi mama yako nimechagua kile cha duara. Nilimwuliza Brighton, akasema ukiwa na kile, simu inakaa mfukoni, na pale kwenye usukani unaonekana mshale tu na umbali uliobaki mpaka kona. Akasema hata kwenye jua letu hili la saa saba kinaonekana, na vumbi haliingii. Nikamwuliza na bando kuisha, akasema ramani inashushwa kabla, mtu akiwa nyumbani. Nikamwuliza na wezi, akasema kinabanduliwa na kutiwa mkobani. Alipochoka na maswali yangu akasema, "Mama Sostenes, unanunua kifaa au unaoza binti?" Nikamwambia yote mawili yanataka kuuliza.

Utasema basi anunuliwe hicho kikubwa, sauti aizime. Baba, si unamjua dada yako? Ukimpa cha kusema atakisikiliza, ili watu wasijue kwamba yeye si wa kusikiliza. Ndiyo maana amekichagua. Anataka kuwa kama Brighton na wenzake. Wala simlaumu, kuitwa kiziwi shuleni kulimchosha.

Nakuomba umwambie kile kikubwa hukukipata. Usimwambie nimekuandikia.

Jumapili, baada ya ibada.

Mwanangu, ule mstari wa mwisho wa jana usiufuate. Ningeufuta lakini ningetoboa karatasi.

Leo mchungaji alipokuwa anasema mimi sikusikia kitu, nilikuwa nawaza huo uongo wa kukutuma wewe. Mtoto kadanganya kwa ajili ya sikio lake, na mimi namdanganya kwa ajili ya sikio hilohilo, tutamaliza lini? Tuliporudi nikaitoa barua chini ya godoro, nikakaa nayo mezani. Hilda akaingia na sufuria ya maharage.

"Unamwandikia nani?"

"Kaka yako. Namwambia asikununulie kile cha kusema."

Akaiweka sufuria chini. Akasema, "Mama, kwa nini? Hiyo ni zawadi yangu mimi." Nikamwambia kwa sababu ya fuso. Akasema, "Ningekwambia ukweli kwamba sikulisikia ungenikataza skuta, ungenirudisha Haneti nikaamie ndege na baba." Nikamwambia kweli, juzi ningekukataza. Tulipokuwa kwa Mwamvua nilikuwa nawaza hivyo. Ila nilikuona ulivyokwenda wakati wa kurudi, nikajua skuta haina kosa na wewe huna kosa. Nikamsomea pale pa kichuguu.

Nilidhani amekasirika. Nikaanza kuchambua maharage ambayo yalishachambuliwa. Kisha akahama kiti, akaja kukaa kushotoni kwangu, sikio lake zima liwe kwangu, kama tunavyokaa siku zote katika nyumba yetu. Akasema, "Endelea. Pale pa fimbo soma tena." Nikasoma tena.

Akacheka huku anajifuta macho. Akasema, "Basi mwandikie. Mwambie anyooshe fimbo, mluzi aache. Ila fimbo yenyewe isiwe fupi, asije akaniletea kimshale cha kukitafuta kwa miwani, nitaingia kwenye korongo." Kwa hiyo, Sostenes, kile cha duara, chenye mshale mnene. Ukimpigia yeye mwenyewe atakwambia kipimo cha usukani wake. Na habari ya sikio anasema atakueleza kwa mdomo wake, usimtangulie.

Brighton amerudishiwa kidude chake. Hilda alimwambia, mimi nipo, "Hiki hakinifai, nasikia upande mmoja tu." Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema kiatu hakimtoshi. Brighton akasema, "Ungesema mapema dada, mimi ningekufungia na kioo kikubwa cha upande huo." Na jana tu mimi nilikuwa naogopa hata kuliandika.

Msalimie sana Josephine, na mama yake. Mbusu Noeli mashavu yote, mwambie bibi anamfumia soksi. Baba yako anawasalimu wote, na shangazi yako Anitha, na wanakwaya wanaokukumbuka ulivyokuwa unaimba besi kabla sauti haijafika. Hilda anakusalimu, yupo hapa, anasoma begani kwangu na kunisahihishia herufi.

Mungu aliyekuwekea jicho la kumwona mdogo wako ukiwa ungali mtoto akulinde huko mpakani, wewe na nyumba yako, na magari yote unayoyatengenezea taa yawafikishe watu kwao.

Ni mimi mama yako, nikupendaye ulipo na nisipokuona,

Raheli Matonya.

Kifaa ukikipata, kifunge kwenye ile sweta ya Noeli kama imeshamkaa ndogo, kisije kikapasuka njiani. Nitafuma nyingine.