Korongo Alifungua Mbawa Nikiwa Kwenye Mswala

Jumamosi, jioni. Mbalizi kuna baridi na mawingu yameshuka mpaka karibu na mabati. Nimerudi kutoka Usangu na wivu wangu mzimamzima.

Mimi na Neema, mpiga picha mwenzangu wa kule Kalenga, tuna lenzi ndefu moja tu. Tukikutana Usangu tunapokezana: mmoja anapiga, mwenzake anatazama. Asubuhi ya leo ilikuwa zamu yangu.

Kwenye majaruba ya mpunga alisimama yule korongo mrefu, mdomo mwekundu wenye mkanda mweusi na kibandiko cha njano juu yake. Tangu mpunga upandikizwe namtafuta akiwa amefungua mbawa. Asubuhi nzima alisimama tu, ananitazama kama mtu anayesubiri mgeni aondoke. Adhuhuri ikaingia. Nikamkabidhi Neema lenzi, nikatandika mswala nyuma ya tuta.

Nimesujudu, nikasikia kamera yake inalia mfululizo.

Nikajua.

Sikumbuki kama nilisali rakaa tatu au nne. Nilitoa salamu harakaharaka nikakimbia pekupeku, viatu mkononi. Korongo ameshakunja mbawa. Neema anacheka peke yake huku machozi yanamlenga, na mimi roho inaniuma hata kumtazama.

Akanionyesha picha mbili kwenye kioo cha kamera. Ya kwanza, mbawa wazi kabisa, nyeusi kwa nyeupe, maji yanaruka miguuni. Ilikuwa picha yangu, ile niliyoiota. Ya pili ilikata ncha ya bawa.

"Dada Rukia, nichagulie moja. Kadi imejaa, na jicho lako kali kuliko langu."

Nikagusa ya pili. "Hii ina uhai zaidi."

Hakubisha. Akaifuta ile nzuri mbele ya macho yangu, nami sikumzuia. Korongo naye akatembea zake hadi kwenye matete, hatukumwona tena.

Sasa hivi Neema ameibandika picha kwenye grupu letu. Watu wanamsifu mpaka basi. Chini yake ameandika: "Asante Dada Rukia kwa kunichagulia."

Na bado naona wivu. Hata kwa hiyo iliyokatwa bawa.

Adhuhuri nimeirudia nilipofika nyumbani, rakaa zote nne, taratibu. Kwa Neema nirudie nini?