Kisio la Yudita

Njombe, Jumanne. Ukungu umeng'ang'ania miti ya miwati tangu asubuhi, na mimi nimeng'ang'ania hasira yangu.

Leo nimemvunjia mtoto ahadi.

Ni wiki ya pili nawafundisha darasa la nne kukisia kabla ya kusoma. Nafunika maneno ya hadithi kwa karatasi, nabakiza picha tu, kisha nawauliza wanadhani kutatokea nini. Nimewaambia mara ngapi sijui kwamba kwenye kukisia hakuna kosa. Wakishakisia husoma kwa hamu, si kwa kuimba tu.

Picha ya leo ilikuwa ya mwanamume kasimama kando ya lori na sanduku lake. Mmoja akasema anapeleka viazi Makambako. Yudita akanyoosha mkono.

"Anakwenda kukata mkonge, mwalimu. Hatarudi."

Darasa zima likamgeukia. Wote wanajua baba yake alipanda lori la manamba, vibarua wa mkonge, pale Makambako, huu mwaka wa tatu, na hata barua hakuna.

Mwalimu mkuu alikuwa anapita dirishani. Akaingia, akaiondoa karatasi yangu, akamwamuru Yudita asome kwa sauti. Kitabuni baba anarudi na baiskeli mpya na kanga za mkewe. "Basi umesema uongo," akamwambia, akamchapa viboko vitatu viganjani, na baridi yote hii!

Kwa kosa gani? Aliyeandika kitabu kile hajawahi kumsubiri mtu Makambako! Mtoto aliitazama picha, akatumia anachokijua. Ndicho nilichomfundisha. Alikisia vizuri kuliko wote.

Nami nilisimama pale na chaki mkononi, kimya.

Hilo ndilo linaloniunguza. Mwalimu mkuu nina hasira naye, ndiyo, lakini yeye hakumwahidi Yudita chochote. Mimi nilimwahidi.

Kipindi cha mchana nikafunika hadithi nyingine. Hakuna mkono hata mmoja uliopanda. Nikamwita Yudita kwa jina. Akasimama kwa adabu, viganja kavificha kwapani.

"Samahani, mwalimu. Wewe fungua tu kitabu."

Nikafungua. Wakasoma wote kwa pamoja, wakiimba.

Kesho narudia picha ya lori. Nitakisia mimi wa kwanza, maneno yale yale ya Yudita, kwa sauti ya kufika nje. Mwalimu mkuu akipita dirishani na fimbo yake, na aingie. Viganja hata mimi ninavyo.