Kaburi Lako Limeota Mgomba

Tuwan,
S.L.P. 1187,
Kitale.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Wepukhulu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi. U hali gani? Goti la kushoto linaendeleaje? Na huko Japani bado ni wali asubuhi, wali jioni, au siku hizi umejipatia unga wa ugali? Mimi ni mzima wa mwili. Biashara yangu ya mitumba inavutana na mvua, siku nyingine mvua inashinda. Joan, binti yangu uliyemwacha hajazaliwa, sasa ni mwalimu. Mama yuko nyumbani Matulo. Anaona kidogo kwa jicho la kulia, lakini kuku wake bado anawajua mmoja mmoja kwa sauti.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nambari yako ya zamani haipatikani, na Joan alipowaandikia wenye kampuni yenu ya mieleka, mtu mmoja mwenye adabu sana alimtumia anwani hii tu, akasema huwa unapita kuchukua barua. Basi nimenunua stempu.

Kaka, niseme upesi kabla mkono haujagoma. Tulikuzika. Tangu Jumamosi ya tarehe nane Februari una kaburi Matulo, kushoto ukiingia langoni, na jina lako liko juu ya msalaba wa saruji.

Nitakueleza ilivyokuwa, halafu unikasirikie. Mwishoni mwa Januari mtu alituma video kwenye kikundi cha ukoo. Ilikuwa fupi, haimalizi hata dakika mbili. Ulingo umemulikwa taa nyeupe. Picha yako kubwa iko ukutani, na jina lako kwa herufi tunazosoma. Maua kila upande, wanaume wa suti nyeusi wameinamisha vichwa, na wale wenzako wenye misuli wanalia kama watoto. Katikati ya ulingo hakuna mtu. Kuna viatu vyako tu, vile virefu vya kamba, vimepangwa pamoja. Kisha kengele ikagongwa mara kumi, polepole, na ukumbini hakuna aliyekohoa.

Wote walinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa na mazishi nimeyahudhuria kupita harusi. Nikasema, hiyo ni ibada ya wafu. Niliyesema ni mimi, kaka, si mwingine.

Makokha, kaka yetu mkubwa, alipiga nambari yako siku tatu mfululizo. Ya nne akasema, "Si mmeona hata viatu zake? Ati mnangoja nini tena?" Unajua tangu mazishi ya Baba mwaka wa 2014, uliposhindwa kuja, naye akakutukana kwenye simu, hajawahi kulitaja jina lako. Lakini siku hiyo aliingia shambani kutafuta mgomba wa kuzika badala ya mwili wako, na tulimsikia akilia huko huko ndani.

Mtu anayejua kazi ile hukata shina juu ya udongo. Makokha, kwa machozi yake, aling'oa mgomba mchanga mzima mzima pamoja na mizizi. Hakuna aliyeangalia. Tuliuvika shuka, tukauimbia, tukaushusha katika shimo ambalo halikuwa refu, maana nani atachimba futi sita kwa ajili ya mgomba? Siku ya tatu tulinyolewa nywele, kama desturi ya msiba. Mama pia alinyolewa. Fundi kutoka Moi's Bridge akaandika tarehe ya kufa kwako kuwa kumi na mbili Januari, siku iliyoandikwa kwenye ile video.

Mvua za Aprili zilipoanza, Mama alinipigia simu alfajiri. "Nabwile, kuja uone. Kabuli ya kaka yako imetoa majani." Nilimwambia ni magugu. Akasema, "Magugu naijua. Mtu amekufa haoti. Huyu mtoto hajakufa."

Nilikwenda. Kweli kulikuwa na jani moja limekunjika, limechomoza panapopaswa kuwa kifua chako. Makokha alitaka kulikata, Mama akakaa juu ya udongo, miguu yote miwili ameinyoosha, mpaka panga likarudishwa nyumbani. Usiku huo sikuguswa na usingizi, na mpaka leo naogopa kusimama karibu na mahali pale.

Ndipo Joan akaanza kutafuta, na mwezi wa Mei akaipata video yenyewe, ndefu, ya saa tatu. Mtangazaji alikuita "Wepukuru", l na r zimebadilishana viti, nikadhani ni mtu wa Matulo. Nilikuona, kaka. Nywele umezipaka rangi ya dhahabu, na kwa umri wako umevaa chupi nyekundu mbele ya watu, hilo Mama hatujamwambia. Kijana mmoja alikuinua, akakubwaga, akakushinda, kisha akapiga magoti na kukuinamia mpaka paji la uso likagusa turubai. Watu walirusha tepe za karatasi za kila rangi. Kumbe ulikuwa unatundika viatu tu. Kumbe kule mtu akistaafu humgongea kengele akiwa hai, asikie mwenyewe. Wakati kengele inalia ulikuwa umesimama chini, kando ya kamba, hatua mbili nje ya ile picha iliyotufikia.

Kisha ukapewa kipaza sauti. Ukasema Kijapani kirefu, wakapiga makofi. Halafu ukageukia Kibukusu. Ukasema, Mama, mwili umechoka, wakinitengeneza goti nitakuja nyumbani Desemba, usifunge lango. Watu elfu kadhaa walikaa kimya kwa heshima, na hapakuwa na hata mmoja aliyeelewa. Sisi ambao tungeelewa tuliletewa kengele tu, tukaenda kutafuta shuka.

Nina jambo sijamwambia mchungaji wala Makokha. Niliposema ni ibada ya wafu, moyoni sikuwa na hakika. Nilikuwa nimechoka. Kwa miaka kumi kila Jumapili Mama aliniuliza kama umepiga simu, na kila Jumapili nikamjibu hapana. Nilitaka swali liishe. Kengele ya shule iliyo nyuma ya nyumba yangu ikigongwa, sasa hujikuta ninahesabu, na kabla ya mlio wa kumi hutoka nje nikiacha sufuria iungue. Nisamehe, kaka.

Ndiyo maana nakuandikia mapema. Usije ghafla. Usiingie kwa lango, usije ukasoma jina lako ukiwa na mizigo mkononi. Wazee wamekaa, wamesema utapitia ua wa nyuma, kondoo wa kukutakasa atachinjwa, na kaburi lifukuliwe kabla hujala chochote nyumbani. Kondoo amenunuliwa na Makokha, hakumwambia mtu. Na ukishindwa kuja, tafadhali niambie mimi, si Mama. Hospitali ya Bungoma wanasema moyo wake umekuwa mkubwa na haufai kushtuliwa.

Mgomba sasa umefika kimo chako. Makokha na vijana walitaka kuung'oa wiki jana ili ukute pako safi, Mama akakataa katakata. Amesema aliyezikwa ndiye atakayefukua. Jembe analo yeye, analilaza chini ya kitanda, na kila jioni analipapasa mpini kuhakikisha lipo.

Joan anamsalimu sana khocha wake, mjomba ambaye hajamwona. Makokha hakutuma salamu, lakini aliuliza mara mbili kama barua imeenda. Peris, mke wake, anakusalimu, na jirani yetu Adow, aliyechanga kwenye mazishi yako, anasema mchango wake haurudishwi.

Mungu aliyekuacha hai siku tuliyokuzika akulinde njiani. Njoo ujifukue.

Dadako akupendaye, na bado anakuogopa kidogo,

Nabwile