Jembe na Nyumba

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Kamanga hatujambo, na bibi yako amepona kikohozi.

Unauliza kama kuna haja ya kuwasikiliza wagombea. Enzi zetu, kila mgombea ubunge alipewa alama, jembe au nyumba. Mwenye nyumba aliahidi kutupigania tupate zahanati. Dada yangu Nyamizi alinisihi, "Kaka, twende tukawasikilize wote wawili."

Nikacheka. "Sisi wakulima tutalikataaje jembe?"

Kijiji kizima kilisema vivyo hivyo. Jembe likashinda, na zahanati hatukuipata. Mwaka uliofuata Nyamizi alishikwa na uchungu wa uzazi, akafariki njiani kuelekea hospitali ya Sengerema.

Nilimlaumu mbunge miaka mingi. Lakini waliobeba jeneza ni sisi tuliomchagua bila kumsikiliza.

Babu yako akupendaye